Nazi, majivu na ndimu: usafi unaotoka uani Ndagoni

Mche wa sabuni unaouzwa dukani Ndagoni, kijiji cha kisiwani Mafia, umesafiri sana. Umetoka kiwandani ukapakiwa kwenye lori hadi Nyamisati, bandari ya upande wa bara, ukavushwa kwa chombo hadi Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, na hapo ukatafutiwa pikipiki au gari la kuufikisha kijijini. Kila kituo kimeongeza kitu kwenye bei yake. Na katika mkondo ule ule wa bahari, sabuni hiyo imepishana na mzigo ambao Mafia imeupeleka bara kwa vizazi na vizazi: nazi.

Nazi hizo zina mafuta ambayo wapika sabuni duniani kote huyatafuta kwa sababu ya wingi wa povu lake. Sabuni nyingi za mche zinazouzwa nchini hupikwa kwa mafuta ya michikichi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo huagizwa kutoka Malaysia na Indonesia. Kwa hiyo mwanamke wa Ndagoni anayefua chini ya mnazi wake, mara nyingi anafulia mafuta ya mti ulioota ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Kupishana huku hakukuanza leo. Katika karne ya 19, wakati Waarabu wa Oman walipopanua mashamba ya minazi kisiwani Mafia, mbata za pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa zikisafirishwa hadi Marseille, Ufaransa, mji uliosifika kwa sabuni. Huko nyuma, mwaka 1688, amri ya Mfalme Louis wa 14 ililazimisha sabuni ya Marseille ipikwe kwa mafuta ya zeituni peke yake. Karne mbili baadaye viwanda vilikuwa vimefungua milango kwa mafuta ya nazi, ufuta na michikichi. Mbata ikaondoka pwani ikiwa mali ghafi, na sabuni ikaja pwani ikiwa bidhaa ya dukani.

Hata hivyo watu wa upande huu wa Mafia waliishi, wakapika, wakafua na kusugua vyombo karne nyingi kabla ya duka la kwanza la sabuni. Huko Ras Kisimani ndiko yalikokuwa makazi ya kale ya Kisimani Mafia, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachimbua na kuchapisha ripoti yake mwaka 1961. Mji ule uliishi kwa vitu ambavyo bado vimetapakaa katika ua wa leo: majivu ya jikoni, mchanga wa pwani, makumbi, chelewa, matunda makali na jua. Swali kwa familia inayotaka kupunguza gharama za usafi ni hili: kati ya vitu hivyo, kipi kinasafisha nini hasa, na kipi hakifai?

Kila uchafu na dawa yake

Dukani kuna chupa ya vigae, chupa ya vyoo, chupa ya vioo na chupa ya vyombo. Nyumbani mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu uchafu wa nyumba, ukiuchambua, unaangukia katika mafungu machache: mafuta, masizi, ukoko na kutu, harufu na wadudu, na vijidudu vya maradhi. Kila fungu lina njia yake ya kuondoka. Anayekosea fungu husugua mpaka mkono ukafa ganzi na doa likabaki pale pale.

Mafuta yanaondoshwa na majivu. Majivu ya kuni yana chumvi ya potasiamu ambayo ikiloweshwa hutoa maji makali yanayoteleza mkononi. Maji hayo yakikutana na mafuta ya sufuria yanayageuza kidogo kuwa sabuni hapo hapo juu ya chombo, ndiyo maana sufuria ya pilau iliyosuguliwa kwa majivu na kumbi hung'aa bila tone la sabuni ya dukani.

Kutengeneza maji ya majivu hakuhitaji zaidi ya ndoo kuukuu. Chini ya ndoo hutobolewa matundu madogo, juu yake hutandazwa makumbi yaliyochambuliwa yawe chujio, kisha hujazwa majivu meupe yaliyopepetwa mkaa. Maji humiminwa juu taratibu, na yanayodondoka chini hukingwa kwa chombo cha plastiki. Yakirudishwa juu ya majivu mara ya pili na ya tatu yanazidi nguvu. Wapika sabuni wa zamani walipima nguvu hiyo kwa yai bichi: likizama maji bado mepesi, likielea yamekolea. Maji mepesi yanatosha kwa sufuria na meza ya mbao. Yaliyokolea hula ngozi na hayashikwi kwa mikono mitupu.

Majivu yenyewe huchaguliwa. Yale ya kuni ngumu ndiyo bora. Majivu ya jalala lililochomwa, yenye plastiki, betri au mbao zilizopakwa rangi, hayana nafasi jikoni hata kidogo, maana sumu ya vitu hivyo hubaki ndani yake.

Masizi hayana haja ya dawa kali, yanataka kukwaruzwa. Mchanga mkavu uliochekechwa, majivu na kipande cha kumbi vinatosha. Wapishi wa kuni wana ujanja wa kuzuia kabla ya kutibu: nje ya sufuria hupakwa majivu yaliyolowana au udongo kabla ya kuiteleka, na chakula kikishaiva, masizi hutoka pamoja na ule utando kwa maji tu. Kwa vyombo vya mbao, kama mwiko na kinu, majani makavu ya mti wa msasa husugua vizuri na kuiacha mbao laini.

Ukoko mweupe ndani ya birika, madoa ya kutu na shaba iliyopoteza mng'aro ni kazi ya vitu vichachu. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe huwa na chokaa nyingi, na chokaa hiyo hugandamana ndani ya birika kila yanapochemshwa. Majivu hayawezi kuitoa hata ukishinda unasugua. Ndimu mbili zilizokamuliwa ndani ya maji ya birika, yakachemshwa na kuachwa yapoe, huulegeza ukoko kwa sababu asidi ya ndimu huiyeyusha chokaa. Ukwaju uliolowekwa ukawa mzito hufanya kazi hiyo hiyo juu ya sinia, mrashi na chetezo cha shaba: hupakwa, huachwa kidogo, husuguliwa kwa kitambaa laini na kusuuzwa. Siki nayo inafaa, na mnazi wenyewe huitoa. Tembo lililoachwa wazi kwa muda halibaki kuwa kileo, huchacha likawa siki.

Lakini asidi hiyo haichagui. Kama inavyoila chokaa ya birika ndivyo inavyoila chokaa ya ukuta na saruji ya sakafu. Anayepiga deki sakafu ya saruji kwa siki kila siku anaikwangua taratibu, na siku moja ataiona imekuwa na vumbi lisiloisha.

Kosa jingine limeenea sana siku hizi: kuchanganya siki au ndimu na magadi katika chupa moja, kwa imani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Povu linaloruka linavutia macho, ila ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka wakati asidi na magadi vinapouana. Povu likitulia, kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu. Vitumike kwa zamu: magadi kwa mafuta, kisha maji, kisha siki kwa ukoko.

Harufu na wadudu huwa na dawa zao. Magodoro, mito na mikeka hutolewa juani, na jua la saa za mchana hukausha unyevu unaolea ukungu na utitiri. Kunguni hawavumilii joto linalozidi nyuzi 50, kwa hiyo maji yanayochemka yakimiminwa kwenye maungio ya kitanda cha mbao huwaua pamoja na mayai yao, mradi yafike ndani ya ufa. Majani ya mwarobaini yaliyokaushwa hutiwa kwenye sanduku la nguo na ghala la nafaka, na kivumbasi huwekwa karibu na dirisha kufukuza mbu. Haya ya kufukuza hayachukui nafasi ya chandarua.

Mti unaojifulia

Mnazi una chombo karibu kwa kila hatua ya usafi. Chelewa za makuti ndizo ufagio wa ua. Kumbi likikatwa kipande ni brashi ya sufuria. Likifukiwa pwani mpaka nyama yake ioze hutoa usumba, unaosokotwa kamba au kufungwa kuwa brashi ngumu ya kusugulia choo na mashua. Kifuu huwa kata ya kuchotea. Mkononi mwa mwenye ujuzi, brashi ya usumba hukaa muda mrefu, na ikichakaa hutupwa shambani ikaoza, tofauti na ile ya plastiki inayokatikakatika na kuishia ufukweni.

Chombo kikuu ni mafuta. Nazi zilizokomaa hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa tui, na tui huchemshwa kwa moto wa wastani mpaka maji yaishe, mafuta yajitenge juu na mashata ya kahawia yabaki chini. Lita moja ya mafuta hutaka kadiri ya nazi kumi hadi kumi na tano, kutegemea ukubwa wa nazi na nguvu ya mkamuaji.

Kinachoyapa mafuta haya sifa ni asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yote. Sabuni inayotokana nayo huyeyuka upesi na kutoa povu jingi, na zaidi ya hapo hutoa povu hata katika maji ya chumvi, mahali ambapo sabuni nyingine huganda vipande vipande. Mabaharia walilijua jambo hili zamani. Sabuni waliyoogea kwa maji ya bahari ilipikwa kwa mafuta ya nazi. Kwa kijiji cha kisiwani, ambako kisima kilicho karibu na pwani kinaweza kuingiwa na chumvi wakati wa kiangazi, sifa hiyo ina thamani kubwa kuliko manukato yoyote.

Upande wa pili wa sifa hiyo ni ukali. Sabuni ya nazi tupu husafisha hadi huondoa mafuta ya asili ya ngozi, kwa hiyo ni bora kwa nguo, vyombo na sakafu kuliko kwa uso wa mtoto.

Kupika sabuni kwa mzani

Sabuni ni ndoa ya mafuta na magadi makali. Magadi ya majivu hutoa sabuni laini, nzito kama uji mgumu, kwa sababu ya potasiamu. Inafaa kwa vyombo na kufulia, na wapishi wa zamani waliitia chumvi ya kutosha ili igande. Magadi makali ya dukani, ambayo wapika sabuni huyaita kostiki soda, hutoa mche mgumu. Kwingineko nchini ujuzi huu haujakatika: Kigoma, penye michikichi, kuna sabuni ya kienyeji ya mawese inayojulikana kwa jina la gwanji.

Hesabu ndiyo inayotenganisha sabuni na kidonda. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki soda safi, na hapo hapana mafuta yanayobaki. Wapishi wengi hutia 175 ili mafuta kidogo yasalie na kuilinda mikono. Kilo moja ya mawese hula gramu 141 tu. Anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo cha soda atapata sabuni inayochoma, na macho hayawezi kumwonya maana inafanana na nzuri. Kijiko na kikombe havitoshi. Unatakiwa mzani wa gramu.

Mambo mengine hufuata utaratibu. Kwa kilo moja ya mafuta hupimwa maji safi gramu 350, yakatiwa kwenye chombo cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo huku yakikorogwa. Kamwe maji hayamiminwi juu ya soda, kwani mchanganyiko hulipuka na kurukia uso. Maji hayo hupanda joto upesi bila moto wowote na kutoa mvuke unaokereketa koo, ndiyo sababu kazi hii hufanywa nje, upepo ukitokea mgongoni, kwa miwani, glavu na nguo ya mikono mirefu. Sufuria za kawaida za jikoni ni za alumini na hazifai hata kidogo: soda huitafuna alumini na kutoa hewa ya hidrojeni inayoshika moto.

Maji ya soda yakipoa kufikia uvuguvugu, humiminwa ndani ya mafuta yaliyo katika joto hilo hilo na kukorogwa mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Hapo hutiwa kwenye kisanduku kilichotandikwa karatasi ya nailoni. Sabuni ya nazi huwa ngumu haraka, hivyo hukatwa siku ile ile kabla haijawa jiwe. Vipande hupangwa kivulini penye upepo kwa wiki nne hadi sita. Muda huo ndio unaomaliza kazi ya soda na kukausha maji, na mche uliokaushwa vizuri hauishi upesi kwenye beseni.

Kuna hesabu nyingine inayotakiwa kusemwa wazi. Nazi ni chakula kabla ya kuwa sabuni, na kwa nyumba nyingi ni fedha ya ada na dawa. Kupika mafuta mapya yote yawe sabuni kunaweza kugeuka hasara. Kilicho sahihi ni kuanza na yale yasiyofaa tena mezani: mafuta yaliyochacha, nazi zilizopasuka njiani, na mafuta ya kukaangia samaki yanayomwagwa. Haya ya mwisho huchujwa kwa kitambaa, na kwa kuwa kwa kawaida ni ya alizeti au ya michikichi, kipimo chake cha soda hufuata aina yake, hakifuati cha nazi.

Asili nayo ina sumu

Sifa ya kitu cha asili hupumbaza. Utupa ni mmea, lakini ukipondwa na kutiwa majini huwalewesha samaki wote, wakubwa kwa wachanga. Chokaa inayopakwa nyumba na kutiwa vyooni ni ya asili pia, ila kwa muda mrefu pwani yetu iliipata kwa kuchoma matumbawe. Mwaka 1995 jarida la kisayansi la Ambio lilichapisha utafiti kuhusu uchimbaji wa matumbawe Mafia na kuonyesha jinsi ulivyokuwa mtihani kwa hifadhi: riziki ya watu upande mmoja, makazi ya samaki upande wa pili. Anayetaka nyumba safi hana sababu ya kununua chokaa ya namna hiyo.

Ndimu ina hatari isiyotarajiwa. Mtu akikamua ndimu nyingi kisha akakaa juani bila kunawa, maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi, ikatoka malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayodumu wiki kadhaa. Dawa ni kunawa kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya ndimu au siki na dawa ya klorini ya kutolea madoa. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo hujeruhi mapafu, na chooni penye dirisha dogo inaweza kumwangusha mtu kabla hajafika mlangoni.

Watoto wako hatarini kuliko wote. Maji ya kostiki soda hufanana na maji ya kunywa, na yakiwekwa kwenye chupa ya maji au ya soda, mtoto mwenye kiu hatauliza. Tone lake huunguza koo na kusababisha makovu yanayoziba njia ya chakula. Chupa ya dawa ya usafi iwe ya peke yake, iandikwe, ifungwe na iwekwe juu. Ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe, maana kinachopanda huunguza mara ya pili. Akimbizwe Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Soda ikimwagikia ngozi, ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, bila kupakwa ndimu.

Fungu la mwisho la uchafu, vijidudu vya maradhi, lina mipaka yake. Sabuni ya nazi ni sabuni kamili, na kunawa mikono kwa sabuni yoyote huondoa vijidudu. Shirika la Afya Duniani linakubali majivu kuwa mbadala pale sabuni inapokosekana, ingawa mwaka 2020 mapitio ya watafiti wa Cochrane yalionyesha kuwa ushahidi wa nguvu yake ni mdogo. Siki na ndimu hupunguza baadhi ya bakteria, lakini si dawa ya kutegemewa.

Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi na Zanzibar, kilichohitajika katika nyumba zenye wagonjwa ni klorini: asilimia 0.05 kwa kunawa mikono, asilimia 0.5 kwa sakafu na vyombo vilivyoguswa na matapishi au choo. Nyumba inayotumia dawa za asili kila siku bado inahitaji klorini katika siku kama hizo, na haina sababu ya kuona aibu kuinunua.

Maji machafu yanakwenda wapi

Kisiwani swali hili halikwepeki. Sehemu ya kusini ya wilaya imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822 la bahari, mikoko, visiwa na vijiji. Matumbawe yake yalipauka vibaya mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi. Matumbawe yanayojaribu kupona hayahitaji mbolea. Sabuni za unga zenye fosfati, pamoja na maji ya vyoo, huwa mbolea ya mwani mdogo unaoota juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga.

Sabuni ya mafuta ya nazi haina fosfati na huoza upesi. Bado, ikimwagwa kwa wingi katika kidimbwi huua samaki kwa ukali wake, na maji ya majivu vivyo hivyo. Kufulia kisimani au mdomoni mwa mkondo ni vibaya kwa sabuni yoyote. Maji ya kufulia yamwagwe mbali na kisima, kwenye udongo wenye migomba, ambako udongo na vijidudu vyake huyachuja. Maji mepesi ya majivu yana potasiamu, nayo migomba huipenda. Yaliyokolea huichoma mizizi, kwa hiyo yazimuliwe kwanza.

Kutoka uani hadi sokoni

Vikundi vingi vya wanawake nchini hutengeneza sabuni ya maji na kuiuza majirani. Fomula yao huwa ile ile: asidi ya salfoniki, slesi ya kutoa povu, soda ashi, chumvi ya kuifanya nzito, rangi na manukato. Inatengenezwa nyumbani kweli, inaingiza fedha kweli, ila kila kiungo kimetoka kiwandani, na bei ya viungo ikipanda kikundi kinakuwa hakina la kufanya. Kikundi cha Ndagoni kina nafasi ambayo cha Mbagala, Dar es Salaam, hakina: kiungo kikuu kinaangukia uani.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya kaskazini. Zanzibar ilianza kilimo cha mwani cha biashara mwaka 1989, na kwa miaka mingi wakulima, wengi wao wanawake, waliuza mwani mkavu kwa bei ndogo. Kuanzia mwaka 2006, kupitia mpango wa kuendeleza mwani ulioratibiwa na mtafiti Dk. Flower Msuya, wanawake wa maeneo kama Kidoti na Paje walijifunza kuusaga mwani na kuutia kwenye sabuni. Leo sabuni ya mwani ya Paje inanunuliwa na watalii kwa bei ambayo kilo nzima ya mwani mkavu haiwezi kuifikia. Na ndani ya sabuni hiyo, kinachosafisha ni mafuta ya nazi. Mwani unaongeza ulaini na unaiuza.

Mafia ina watalii pia, wanaokuja kuogelea na papa potwe kati ya Oktoba na Machi na kupiga mbizi Ghuba ya Chole. Nyumba za wageni hununua sabuni za mikono na za kufulia mwaka mzima. Soko la kwanza, hata hivyo, lingekuwa majirani wenyewe, wanaolipia nauli ya kila mche unaovuka kutoka Nyamisati.

Kuuza kuna masharti yake. Sabuni ya dukani inatakiwa kukidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania, na lebo ieleze viungo, uzito na mtengenezaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hufundisha utengenezaji wa sabuni pamoja na ufungashaji. Kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kuomba mkufunzi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya badala ya kila mtu kujaribu peke yake na ndoo ya soda.

Kwa nyumba moja isiyo na nia ya kuuza, mwanzo mzuri hauhitaji kostiki soda kabisa. Ni ndoo ya majivu yenye kifuniko karibu na jiko, makumbi yaliyokatwa, ndimu za birika na utaratibu wa kutoa magodoro juani. Sabuni ya kupika ije baadaye, na siku itakapokuja, fedha ya kwanza inunue mzani wa gramu, miwani na glavu kabla ya kununua hata gramu moja ya soda.